Naomba ushauri: Hilux 5L ilipinduka, niiwasheje?

Wakuu, habari za leo. Hilux yetu ya dizeli, injini aina ya 5L, ilipinduka karibu na Makambako ikalala matairi juu usiku kucha. Dereva mzima, kachubuka kiwiko tu, Mungu mkubwa.

Nimefungua eya klina, filta imelowa oili chapachapa. Fundi anataka tupige stata hivyo hivyo, eti "itatema yenyewe". Nasita, maana oili ikikaa juu ya pistoni haibonyei, konrodi (mkono unaoshika pistoni) ndiyo inayopinda. Nafikiria tutoe hita plagi (za kupasha moto silinda) zote nne, tuzungushe injini kwa spana kwanza, oili itokee kwenye matundu yake. Je, manifodi ya hewa (bomba la kupeleka hewa kwenye silinda) nayo ishushwe isafishwe? Na kutoa upepo ulioingia kwenye njia ya dizeli, pampu ya mkono pale kwenye filta ya dizeli inatosha, au mpaka nilegeze nati za nozeli (zinazopuliza dizeli kwenye silinda)? Betri imemwaga asidi, hiyo nanunua nyingine.