Dai kubwa la maabara litangazwe lini: kabla au baada ya wengine kulirudia?

Mleta mada

Wakuu, salamu. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Julai 2023, leo naliweka mezani.

Mnaikumbuka LK-99? Tarehe 22 Julai mwaka ule watafiti wa Korea Kusini waliweka mtandaoni makala mbili ambazo zilikuwa hazijapitiwa na wataalamu wengine. Walidai wametengeneza kitu chenye risasi, shaba, fosforasi na oksijeni ambacho ni supakondakta katika joto la kawaida, yaani kinapitisha umeme bila ukinzani wowote, na kwamba hali hiyo inadumu hadi nyuzi 127 za Selsiasi. Supakondakta tunazozijua, zikiwa katika shinikizo la hewa la kawaida, zinataka baridi ya zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri. Pamoja na madai ikaja video: kijipande cheusi juu ya sumaku, upande mmoja umeinuka hewani, upande wa pili bado umegusa chini. Niliitazama sijui mara ngapi. Nikaisambaza. Nikawaambia watu kwamba umeme hautapotea tena njiani. Wiki chache baadaye ikabainika kuwa sivyo, na wengi walioipata habari kwangu hadi leo hawajui ilivyoishia. Hilo linaniuma.

Hoja yangu ni hii: dai kubwa lisipelekwe kwa umma mpaka maabara nyingine, isiyo na uhusiano na ile ya kwanza, ilirudie jaribio na kupata jibu lile lile. Tulishaonywa mapema. Machi 1989 Stanley Pons na Martin Fleischmann waliita waandishi wa habari kule Utah, wakasema wameunganisha viini vya atomi, kama jua linavyofanya, ndani ya chombo kidogo cha mezani. Wengine walijaribu wakaambulia patupu. Linganisheni na LIGO, timu ya Marekani yenye mitambo ya kunasa mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga-muda: mawimbi hayo yaliwapitia tarehe 14 Septemba 2015, wao wakatulia na kukagua, wakatangaza tarehe 11 Februari 2016. Subira ile ndiyo ninayoitaka iwe sharti. Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, nakuheshimu kwa kukiri hilo la video, lakini mfano wako wa LIGO unakugeuka. Ile mitambo miwili, Hanford na Livingston, iko umbali wa kilomita 3,000 hivi, ila timu ni moja. Maabara nyingine ya kurudia haikuwepo. Virgo, mtambo kama huo ulioko Italia, ulijiunga nao katika kusikiliza Agosti 2017. Kwa sharti lako wangefunga midomo karibu miaka miwili. Na chembe ya Higgs, ile inayohusishwa na chembe nyingine kupata masi, je? Tarehe 4 Julai 2012 zilitangaza timu mbili, ATLAS na CMS, lakini zote zinategemea mtambo mmoja wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe. Mtambo mwingine wa kiwango kile haupo duniani. Tungesubiri nini?

LK-99 nayo naisoma kinyume chako. Makala zile zilikuwa na maelekezo ya kuipika. Mwenye tanuri na kemikali angeweza kujaribu, na watu wakajaribu. Ndani ya wiki chache ikajulikana kwamba sampuli zilikuwa na uchafu wa salfidi ya shaba, ambayo inapofika karibu nyuzi 104 inabadilika umbo la ndani na ukinzani wake unaporomoka ghafla. Ule mwinuko juu ya sumaku ulieleweka kwa usumaku wa kawaida tu. Kisha watafiti wa Max Planck kule Stuttgart wakakuza fuwele safi isiyo na uchafu ule: ikatoka ya zambarau, inapitisha mwanga, na umeme haipitishi kabisa. Ni kihami! Kazi ile yote ilifanyika hadharani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mimi sioni kashfa hapo, naona sayansi ikifanya kazi yake.

Niongeze kitu kwa wasiowahi kuingia kwenye vipimo hivi. Ukinzani mdogo hupimwa kwa waya nne: mbili za nje zinapitisha mkondo, mbili za katikati zinasoma volti. Mkondo ukipata njia ya mkato ndani ya sampuli, au kiungo kimoja kikilegea, volti inasomeka sifuri. Mashine inakuandikia sifuri kwa usafi kabisa, na sampuli yako haina lolote. Imenitokea, na saa nzima nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Kwa hiyo anayekosea siyo lazima awe tapeli. Lakini atagundua vipi kama wengine hawaoni alichokifanya?

Mleta mada

Mkuu, la LIGO umenishika, nalikubali. Sharti la kurudiwa na maabara nyingine haliwezi kuwa la kila jaribio.

Ila la LK-99 bado nabisha. Unasema sayansi ilifanya kazi yake, sawa, ilifanya kwa wanaosoma makala. Kwa wengine kilichobaki ni ile video. Mtu akidanganyika mara tatu nne hivi, siku ukimletea kitu cha kweli anakuambia hawa ni wale wale. Nani anahesabu hasara hiyo?

Mchangiaji wa pili

Ninyi wawili mnabishania muda. Mimi naona ugonjwa uko kwingine, na nitaueleza kwa kisa kimoja kinachohusu kompyuta za kwanta, zile zinazohesabu kwa kutumia tabia za vitu vidogo kabisa kama atomi.

Mwaka 2018 timu ya Delft, Uholanzi, iliyokuwa ikishirikiana na Microsoft, ilichapisha katika jarida la *Nature* kwamba imeona alama thabiti ya chembe za Majorana, ambazo hadi hapo zilikuwa za nadharia tu, kwenye waya mwembamba wa nusukipitishi uliopakwa supakondakta. Umuhimu wake ni kwamba kyubiti za sasa, yaani vipande vya msingi vya kuhesabia katika kompyuta hizo, zinavurugika upesi mno, na kyubiti iliyojengwa kwa Majorana inatarajiwa kuwa ngumu zaidi kuvurugika. Ushahidi wao ulikuwa grafu: upitishaji wa umeme unapanda, ukifika thamani fulani ambayo nadharia iliitabiri unatulia, mstari unakuwa bapa kama meza. Wahakiki waliipitisha. Hakuna aliyeharakisha, hakuna video, taratibu zote zilifuatwa.

Wakatokea Sergey Frolov na Vincent Mourik, watu waliowahi kufanya kazi katika maabara ile ile, wakaomba data ghafi, yaani vipimo vyote kama vilivyotoka kwenye mashine. Walipozipata wakakuta vipande vimeachwa nje. Grafu ilipochorwa upya kwa upana wote wa vipimo, nukta zikatoka nje ya mipaka ya makosa iliyokuwa imewekwa, na ule ubapa ukakosa maana. Machi 2021 makala ikaondolewa, waandishi wenyewe wakiomba radhi kwa kukosa umakini wa kisayansi wa kutosha. Wataalamu wa nje walioichunguza hawakusema kulikuwa na udanganyifu wa makusudi. Walisema waandishi walizidiwa na msisimko.

Miaka mitatu, wakuu! LK-99 ilichukua wiki chache kwa sababu kila kitu kilikuwa wazi. Makala ya Delft, iliyopita mlango wa heshima, ikakaa miaka mitatu kwa sababu data zilikuwa kabatini. Na zile makala za Ranga Dias, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, kuhusu supakondakta za joto la kawaida? Ya 2020 iliondolewa Septemba 2022, ya Machi 2023 ikaondolewa Novemba mwaka huo huo baada ya wenzake wanane kati ya waandishi 11 kuomba iondolewe. Zote mbili zilipitia *Nature*. Mkitaka sharti, liwe hili: siku unayotangaza, data ghafi zote ziwe wazi, pamoja na zile usizozipenda.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo tunakaribiana, ila usilifanye jepesi. Data za mtambo kama wa CERN ni nyingi kiasi kwamba sehemu kubwa inachujwa na kutupwa papo hapo kabla hata ya kuhifadhiwa. "Ghafi" ni ipi hapo? Na siku hizi madai makubwa ya kwanta yanatoka kwenye kampuni. Oktoba 2019 Google walisema chipu yao ya Sycamore, yenye kyubiti 53, imemaliza kwa sekunde 200 kazi ambayo kompyuta kubwa ingeifanya kwa miaka 10,000. IBM wakajibu kwamba kwa kutumia hifadhi ya diski vizuri ni siku mbili na nusu. Waliweza kujibu kwa sababu kazi yenyewe ilielezwa wazi. Sasa tazama Februari 2025: Microsoft wanatangaza chipu ya Majorana 1, huku faili la uhakiki la makala yao katika *Nature* likisema wazi kwamba matokeo yale hayathibitishi kuwapo kwa Majorana katika vifaa hivyo. Tangazo likasema zaidi ya makala. Kampuni yenye siri za biashara utailazimisha kwa sheria ipi?

Mleta mada

Nimewasoma wote wawili kwa makini na nabadilisha mada yangu. Kusubiri kurudiwa nakuondoa. Nachukua la mchangiaji wa pili, na nyongeza moja kwa kampuni: tangazo lisizidi makala. Likizidi, jarida lililochapisha makala litoe kauli siku hiyo hiyo, mahali ambapo wasomaji wa kawaida wataiona, badala ya kuiacha ndani ya faili ambalo ni wachache wanaolifungua.

Lakini kuna kitu kinanizuia kufurahi. Septemba 2011 timu ya OPERA ilisema nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, kutoka CERN zimefika Gran Sasso, Italia, kilomita 730, zikiwa zimetangulia mwanga kwa nanosekunde 60. Hawakupiga vigelegele. Waliweka vipimo vyao wazi, wakawaomba wenzao duniani wawatafutie kosa. Kosa likapatikana: kebo ya faiba haikukazwa vizuri kwenye kiungo chake, na saa moja haikwenda sawa. Walifanya kile kile tunachokidai hapa. Machi 2012 kiongozi wao, Antonio Ereditato, akajiuzulu baada ya kura ya kutokuwa na imani naye.

Kwa hiyo swali langu kwa wachangiaji wanaofuata, hasa walio maabara: bosi wenu akiona OPERA walivyomalizana na kiongozi wao, mtamshawishi kwa lipi afungue kabati?