Acheni kuniambia "tafuta kwenye kompyuta, itatokea". HAITOKEI!

Wakuu, nimechoka, leo nasema.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda. Jana lori la mteja limelala yadi kwa sababu ankara ya mzigo haikuonekana. Na ilikuwepo! Ilikuwa imekaa Desktop kwa jina la Scan0047, katikati ya Scan nyingine zilizojaa kioo kizima. Dereva yuko nje kwenye benchi, tajiri anapiga simu kutoka Kampala anafoka, na kijana aliyeiskani mwenyewe ananiambia, "Kaka, andika tu jina la mteja pale pa kutafutia."

Niandike halafu nini kitokee? Skana yetu inatoa picha. Wewe unaona maandishi, kompyuta inaona picha ya karatasi, mpaka mtu aipitishe kwenye programu ya kusoma herufi, na hakuna anayefanya hivyo. Kilichobaki cha kutafutia ni jina la faili. Jina lenyewe Scan0047!

Hata faili zenye maandishi halisi msizitegemee. Windows, ukiiacha ilivyokuja, inasoma na kuorodhesha maneno yaliyomo ndani ya faili za Desktop, Documents na Pictures. Ukiweka kazi zako diski D bila kubadilisha mipangilio, itakutafutia majina tu, polepole, na ndani ya faili haiingii.

Halafu huu ugonjwa wa kurundika kila kitu Desktop. Desktop iko ndani ya diski C, ileile yenye Windows! Fundi akija kupiga Windows upya akafomati C, imekwenda na kila kilichokuwa juu yake. Kwetu imeshatokea, nyaraka za wateja zikapotea, na wiki iliyofuata watu wakarudi kuhifadhi palepale. Sheria ya kodi ya Uganda inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Mkaguzi akija tutamfungulia Scan moja moja?

Ninachodai hakihitaji hata shilingi. Ukishaskani, kabla hujanyanyuka kwenye kiti, andika jina: 2025-03-14, mteja, ankara. Mwaka utangulie, kisha mwezi na siku, ili faili zijipange zenyewe kwa tarehe. Kila mteja folda yake, kila mzigo folda yake ndani ya hiyo. Iliyotumwa WhatsApp ibadilishwe jina siku hiyohiyo, isiachwe Downloads. Kazi ya sekunde chache! Lakini ukiwaambia, wanakuona una kiburi.

Sasa bosi anasema atanunua kompyuta mpya. Ya nini? Scan zote zitahamia huko na majina yaleyale. Na huyo kijana ni mpwa wake, hagusiki.

Mlioweza kuwabana watu ofisini mpaka wakaandika majina, tena wenye undugu na bosi, mlifanyaje? Nataka jibu la kweli, msiniletee tena hiyo ya "tafuta itatokea".