Tupeane uzoefu: mtoto mwenye ulemavu na mchezo uliombadilisha

Mwalimu wa Bwera
Ndugu zangu, salaam. Juzi nilialikwa kwenye siku ya michezo ya shule ya jirani, nikaona jambo ambalo wengi wenu mnalijua: watoto wote wanakimbia na kuvuta kamba, ilhali wale wenye ulemavu wameketishwa hemani pamoja na wageni, kila mmoja na chupa yake ya soda, wakitakiwa kupiga makofi. Mwishoni waliitwa mbele wakabidhiwe sabuni na madaftari. Mvulana mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu aliiachia sabuni yake ianguke nyasini makusudi. Mgeni rasmi akaiokota na kumrudishia huku wapiga picha wakiendelea na kazi yao. Uso wa yule mtoto haujanitoka. Naomba tupeane uzoefu: mtoto wako au mwanafunzi wako alipopata mchezo anaoucheza kweli, alibadilika vipi? Semeni yaliyotokea, si yale yanayoandikwa kwenye mabango ya wafadhili.

Mama wa Tororo
Binti yangu alizaliwa na mgongo wazi, akafanyiwa upasuaji Mbale, na miguu yake haina nguvu. Alipofika darasa la nne kulianzishwa voliboli ya kukaa karibu na kwetu. Uwanja wake ni mdogo, mita 10 kwa 6, wavu unashushwa, na sharti kuu ni kwamba makalio yasiinuke sakafuni wakati mchezaji anapiga mpira. Watoto wa mtaani kwetu wanaotembea waliomba nao wacheze, wakakubaliwa, na hapo ndipo kioja kilipoanza, kwa sababu hawakuzoea kujisogeza kwa mikono. Mpira ukienda kando walikuwa wanainuka bila kujijua, na binti yangu ndiye aliyekuwa akiwakamata. Mtoto ambaye zamani akiwa na kiu mbele ya wageni alininong'oneza mimi nimwombee maji, leo anabishana na mwamuzi mtu mzima kuhusu makalio ya nani yaliinuka. Wala si kwamba anashinda sana. Timu yao hufungwa mara nyingi tu.

Dereva wa Malaba
Hilo la kubishana nimelicheka, dada, kwa sababu wa kwangu ni vivyo hivyo. Mwalimu wake alinipigia simu kulalamika kwamba amekuwa mbishi, nami badala ya kumgombeza nikamnunulia chipsi.

Baba wa Arua
Mwanangu alipoteza macho kwa surua akiwa bado mdogo. Shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea, alimfanyia kila kitu, kuanzia kumvalisha soksi hadi kumkatia nyama vipande, nasi sote tuliona huo ndio upendo. Shule aliyohamia ilikuwa na golboli. Wasioufahamu mchezo huo wajue kwamba kila upande una wachezaji watatu, wote wamefunikwa macho hata wenye kuona kidogo ili wawe sawa, mpira una kengele ndani, na mistari ya uwanja ina kamba iliyobandikwa chini ya utepe ili mchezaji aipapase kwa vidole na kujua alipo. Watazamaji hawaruhusiwi kutoa sauti mpira ukiwa unachezwa.

Siku ya mashindano tulikwenda na shangazi. Mpira ulikuja kwa kasi, mwanangu akajirusha kuuzuia, ukadunda kwenye goti lake mwenyewe ukampiga puani. Damu ilitoka nyingi, ikaloanisha jezi. Ukumbi mzima ulikuwa kimya kama sheria inavyotaka, na katika ukimya huo shangazi aliruka benchi, akaingia uwanjani akilia kwa Kilugbara, akaanza kumvua kitambaa cha macho. Mwanangu alimshika mikono yote miwili, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Shangazi, tafadhali toka uwanjani, tunacheza." Nilitamani ardhi inimeze, kwa maana sikujua nimwonee aibu nani na nijivunie nani.

Walimtoa kando hadi damu ikakauka, akaomba kurudi, akarudi, wakafungwa. Njiani kwenye taksi hakuitaja pua hata mara moja. Alilalamikia mpira mmoja uliompita kushoto. Jioni alipoletewa sahani yenye nyama iliyokwisha kukatwa, aliisukuma kwa mdogo wake akaomba kisu. Shangazi alisusa kula, na hadi leo akisikia neno golboli hubadilisha mazungumzo.

Msomaji wa Bombo
Nimeisoma mara mbili. Mpe shangazi pole zangu, na kijana mpe kisu kikali zaidi.

Mzazi wa Mbarara
Samahani, ndugu, mimi sicheki. Mtoto asiyeona anapigwa mpira usoni hadi anavuja damu, nasi tunaita jambo hilo kujiamini? Kocha huyo alipaswa kuwajibishwa.

Baba wa Arua
Mwanao anayeona akiteguka kifundo cha mguu kwenye soka, utamwajibisha nani? Hatari ile ile kwa mwenye macho inaitwa mchezo, kwa mwanangu inaitwa uzembe.

Mzazi wa Mbarara
Mwanangu anauona mpira unapokuja. Tusifananishe.

Kocha wa Kampala
Nawaomba mtulie. Mpira wa golboli una uzito wa kilo 1.25, na sheria inataka uguse sakafu mapema baada ya kurushwa, kwa hiyo hauruhusiwi kurushwa hewani moja kwa moja kuelekea kichwani. Ajali kama hiyo hutokea, lakini ndiyo sababu wachezaji hufundishwa kulala ubavu wakiwa wamenyoosha mikono na uso umegeuzwa nyuma. Mzazi anayehofia aende kutazama mazoezi kabla ya kutoa hukumu. Nakumbusha pia kwamba Tofiri Kibuuka, Mganda asiyeona, alishindana katika mbio za kuteleza kwenye theluji huko Sweden mwaka 1976, katika Michezo ya Paralimpiki ya majira ya baridi, yaani mashindano ya dunia ya wanamichezo wenye ulemavu, akiwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Sisi tunajadili kama mtoto aruhusiwe kujilaza kwenye sakafu ya saruji.

Mwalimu Mstaafu, Jinja
Nina shaka na hivi vilabu vya peke yao. Nilikuwa na msichana kiziwi aliyekimbia mita 400 pamoja na wenzake wanaosikia, na marekebisho yote aliyohitaji yalikuwa ni mwanzishaji wa mbio kushusha bendera pamoja na kupuliza filimbi. Alipowashinda, wenzake wenyewe walianza kujifunza ishara za mikono ili wapate kumsemesha. Mtoto akicheza na walemavu wenzake tu, atajiamini ndani ya ukuta.

Mama wa Tororo
Mwalimu, kwa heshima zote, huyo wako alikuwa na miguu. Wa kwangu "alichanganywa" miaka mingi, akawa mtunza masweta ya wenzake pembeni mwa uwanja. Mahali pa kwanza alipogombaniwa kupangwa timu palikuwa ni hapo kwenye hicho unachokiita ukuta, na watoto wanaotembea ndio walioomba kuingia.

Mwalimu Mstaafu, Jinja
Hapo umenishika, mama, ingawa suala la bendera bado nalisimamia.

Mama wa Entebbe
Wangu hana kiganja cha kulia. Alipomwona mwogeleaji wetu Mganda, Husnah Kukundakwe, akiogelea Paralimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 14, mdogo kuliko washiriki wote, alianza kuvaa mikono mifupi bila kuambiwa. Ada ya bwawa ndiyo inayotushinda, na ziwani simruhusu.

Dereva wa Malaba
Basi akimbie, barabara haina ada. Mkimbiaji wetu David Emong, ambaye ulemavu wake ni wa mkono, alileta medali ya fedha ya mita 1500 kutoka Paralimpiki ya Rio mwaka 2016, na shaba kutoka Tokyo.

Muuguzi wa Mbale
Mama wa Tororo amenikumbusha la kuwaonya wenzangu. Watoto wengi wenye mgongo wazi wana mzio wa mpira asilia, kwa hiyo maputo na glavu za mpira vinaweza kuwadhuru vibaya. Ulizeni kwanza hospitalini. Kwa kuwa wengi wao hawahisi maumivu sehemu za chini, kagueni ngozi ya makalio na miguu kila baada ya mazoezi, maana kidonda huanza na wekundu tu. Mtoto mwenye hali ya Down, ulemavu wa akili wa kuzaliwa, apimwe shingo kabla ya kupiga kichwangomba au kupiga mpira kwa kichwa. Wenye ualbino wachezeshwe asubuhi au jioni, wakiwa na kofia pana. Nayasema haya ili mtoto aendelee kucheza, si ili mpate kisingizio cha kumrudisha hemani.

Fundi wa Busia
Na msimpeleke mtoto kwenye mpira wa kikapu na kiti cha hospitali. Magurudumu yake yamesimama wima, ukigeuka kwa kasi kinapinduka. Kiti cha michezo magurudumu huinamishwa, chini yakatanuka, ndipo kinatulia. Nimewahi kukirekebisha kimoja kwa mabomba ya baiskeli.

Msomaji wa Bombo
Fundi ajitangaze polepole.

Mwalimu wa Bwera
Nawashukuru nyote, hata mnaogombana. Nimeongea na mwalimu mkuu wa ile shule, amekubali kunipa ukumbi Jumamosi. Mpira wenye kengele sina, wala fedha za kuuagiza.

Kocha wa Kampala
Uvalishe mpira wa kawaida kavera mbili, yaani mifuko ya plastiki, na uzifunge vizuri. Ukibingirika utasikika vya kutosha kwa wanaoanza. Kwa wenye mtindio wa ubongo, shona vijifuko vya nguo ujaze mahindi, sita vyekundu, sita vya buluu na kimoja cheupe, uwachezeshe bochia, mchezo wa kushindana kufikisha vya rangi yako karibu na kile cheupe; anayeshindwa kurusha kwa mkono mwekee bomba la plastiki lililopasuliwa katikati, akiteremshe kutoka hapo. Mwelekeo wa bomba auamue yeye. Anayelishika aupe mgongo uwanja, asimwelekeze.

Baba wa Arua
Na ndugu wote wakae nje ya mlango.