Tupeane uzoefu: wenye laptopu za gemu Mwanza na kanda ya ziwa, mnaziishije?

Ng'wana Igoma

Mwangaluka wakuu. Uzi huu ni wa wenye mashine za gemu, zile nzito zenye kadi ya picha ya RTX, na pia nyinyi mnaozitumia kuhariri video au kuchora majengo. Video za YouTube za kusifia mashine tumeshiba, nyingi zinarekodiwa kwenye vyumba vyenye kiyoyozi na umeme usiokatika. Hapa tuambiane mashine inavyokuwa ukiwa Igoma au Kirumba, umeirekebisha nini, na imekulipa vipi.

Naanza mimi. Yangu ni Lenovo Legion 5 Pro ya 2021: Ryzen 7 5800H, RTX 3060, skrini ya inchi 16 yenye pikseli 2560 kwa 1600, 165Hz (inabadili picha mara 165 kwa sekunde). Ni mtumba wa Dubai, kibodi ina herufi za Kiarabu pembeni ya zetu na wala hazinisumbui. Skrini ndiyo iliyonitoa hela mfukoni. Ile nafasi ya ziada kwenda juu ukishaizoea, skrini za kawaida zinaonekana zimekatwa. Matundu mengi ya nyaya yako nyuma, kwa hiyo mausi haigombani na waya wa chaja.

Ila kilichonifanya niiache nyingine ya bei hiyohiyo ni wati. Hili wengi wanalipita. RTX 3060 ya laptopu, NVIDIA wenye kadi hizo wameruhusu mtengenezaji wa laptopu aipe kuanzia wati 60 hadi 115, na kuna mashine zinazoiongezea 15 juu ya hapo. Stika ni ileile, jina ni lilelile, lakini yenye wati chache inaachwa mbali na mwenzake. Na usiifananishe na 3060 ya kompyuta ya mezani: ile ina kumbukumbu ya GB 12, hii yetu GB 6. Kabla ya kulipa fungua NVIDIA Control Panel, nenda kwenye taarifa za mfumo, soma palipoandikwa Maximum Graphics Power. Muuzaji asipotaka uangalie, rudi na hela yako nyumbani.

Marekebisho yangu ni machache. Fn na Q inabadilisha mwendo, taa ya kitufe cha kuwashia inakwambia uko wapi: buluu kimya, nyeupe katikati, nyekundu yote. Mimi nakaa kwenye nyeupe. Fn na R inashusha skrini hadi 60Hz nikiwa kwenye betri. Halafu MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi: bonyeza Ctrl na F, grafu inafunguka, nimeifunga kadi kwenye megahezi 1,700 kwa milivolti 800. Fremu zilizopotea sizioni kwa macho, makelele ya feni yaliyopungua hata mama mwenye nyumba kayasikia. Kadi hazifanani, yako ikikataa na gemu ikajifunga yenyewe, ongeza milivolti kidogo.

Karibuni.

SatoMkavu

Nimeweka kambi. Yangu ni ya bei ya chini, GTX 1650, RAM GB 8 kijiti kimoja. GTA V inakwama-kwama nikiingia mjini na gari. Nibadili mashine?

Ng'wana Igoma

Usibadili, mkuu. Fungua uone kama kuna nafasi ya kijiti cha pili. Kijiti kimoja kinaipa prosesa njia moja ya kuchotea data, viwili vinaipa mbili. Nunua chenye ukubwa na kasi sawa na kilichomo.

BabaSendoff

Vijana, mimi gemu siziwezi, lakini mashine ninayo, ina prosesa kama ya mleta uzi. Kazi yangu ni video za harusi, send-off na kitchen party. Siku hizi wateja wanataka kipande kifupi kirushwe ukumbini kabla keki haijakatwa, kwa hiyo nahariri palepale nyuma ya spika, joto la ukumbi na moshi wa jikoni vyote vyangu.

Shida ilikuwa prosesa kugonga nyuzi 90 na kitu kila nikianza kutoa video. Kijana mmoja akanionyesha kitu cha bure: ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, sehemu ya kiwango cha juu cha prosesa, toa 100% weka 99%. Basi. Ile kasi ya ziada inazimika. Hii 5800H kasi yake ya msingi ni gigahezi 3.2, na ikiachiwa inapanda hadi 4.4. Ukiifunga inabaki chini, joto langu likashuka hadi 70 na kitu. Video inachelewa kidogo kutoka, sikatai, ila naweza kuiweka mashine mapajani bila kuomba msamaha.

Na jambo lingine: msitegemee betri kwa kazi nzito. Betri haiwezi kutoa nguvu inayotolewa na chaja, kwa hiyo mashine inajibana yenyewe. Ukumbini kitu cha kwanza naulizia soketi iko wapi, kabla hata sijamsalimia MC. Nyumbani, kwa kuwa imechomekwa muda wote, kwenye Lenovo Vantage nimewasha ile hali ya kulinda betri isijazwe hadi 100%. Kampuni nyingine nazo wanayo, tafuteni kwenye programu zao.

DadaRamani

Jamani naombeni msaada wenu. Nachora ramani za nyumba, nakaa Isamilo kule juu kwenye mawe. Mashine yangu ina mfuniko wa chuma, kampuni siitaji. Ikiwa imechomekwa na nikiigusa kwa kiganja nasikia vijisindano. Nikichomoa chaja vinaisha. Ofisini Capri Point hakuna kitu kabisa, mashine ileile, chaja ileile. Nimeuziwa bovu?

VoltiMbili

Dada, mashine ni nzima. Kinachoumwa ni nyumba.

Chaja hizi kubwa nyingi zina waya wa pini tatu kwa makusudi. Ndani yake kuna vichujio vinavyopeleka umeme kidogo sana kwenye ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini), ndivyo vilivyoundwa. Ethi ya nyumba ikiwa haifanyi kazi, umeme huo unabaki kwenye chuma cha mashine ukisubiri mtu wa kuupitisha, na mtu mwenyewe ni wewe ukiwa peku kwenye sakafu ya saruji. Ofisini ethi ipo, ndiyo maana husikii kitu.

Sasa kwa nini Mwanza malalamiko haya ni mengi? Mawe. Fimbo ya ethi inatakiwa izame kwenye udongo wenye unyevu. Itale haipitishi umeme kirahisi, na milima yetu udongo wake ni kiganja kimoja tu juu ya jiwe. Nimekuta nyumba ambazo fundi aligonga, akafika kwenye mwamba, akakata fimbo kwa msumeno, akafukia kipande kilichobaki na kupaka saruji juu. Kwa macho ethi ipo, ukipima hakuna kitu. Kinachofanyika ni kushuka hadi sehemu ya kiwanja yenye udongo, hata kama ni mbali na mita, na kuweka fimbo zaidi ya moja zilizounganishwa kwa waya wa shaba, au kuulaza waya wa shaba kwenye mtaro mrefu. Halafu ipimwe kwa kipimo cha ethi. Testa ya kuwaka taa haikwambii chochote hapo. Kazi hiyo afanye fundi mwenye leseni, na nyinyi wengine msikate ile pini ya tatu ili iingie kwenye soketi ya pini mbili.

Nikiwa hapohapo: mnanunua stebilaiza za bure. Soma nyuma ya chaja yako, imeandikwa volti 100 hadi 240. Umeme ukiwa mdogo, chaja inajitegemea. Kinachoua ni ule mpigo umeme unaporudi. Tumia friji gadi, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite, ni nafuu na inafanya kazi unayoihitaji.

DadaRamani

Asante sana kaka. Nimemwambia mwenye nyumba, kasema nivae ndala.

VoltiMbili

Mwambie jokofu lake halivai ndala.

FundiJoto

Nafungua mashine hizi kila siku hapa mjini, nitoe yangu.

Zinazotoka Kirumba, Igombe na kote kando ya ziwa nazijua kabla sijauliza. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi, usiku wanafuata taa, na mashine yenye kibodi inayowaka rangi saba ni mwaliko. Feni inawavuta kwa chini, wanakwama kwenye mapezi ya kupoozea, vumbi linawakalia juu, baada ya muda unapata kitu kigumu kama blanketi ambacho hewa haipiti. Ukiona wingu limekuja zima taa za kibodi, funga dirisha, au cheza kesho.

Msipeleke mashine ikapulizwe kwa kompresa ya gereji. Upepo ule una maji na mafuta, na feni ikizungushwa kwa nguvu kuliko ilivyoundwa inaharibika. Shika feni isizunguke, puliza kwa kipulizio cha mkono, tumia brashi laini.

Pesti, ile inayopitisha joto kutoka prosesa hadi kwenye kipoozeo: zile za kawaida za sindano kwenye mashine hizi hukauka au kusukumwa pembeni na joto linalopanda na kushuka. Mwenye uwezo aagize Honeywell PTM7950. Ni karatasi nyembamba inayolainika ikifika nyuzi kama 45 na kujaza nafasi zote, halafu unaisahau. Onyo kwa wenye ASUS ROG: nyingi kwenye prosesa zina metali ya kimiminika badala ya pesti. Fundi asiyejua akiifungua na kuimwaga kwenye ubao, imekula kwako. Na metali hiyo ina galiamu, inakula alumini. Muulize fundi kabla hajashika bisibisi.

Stendi zenye feni za kupoozea sizichukii, ila kazi kubwa inafanywa na kule kuinua nyuma ya mashine. Vifuniko viwili vya chupa za soda vinatosha.

HesabuTu

Nyongeza ndogo kwa fundi. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu 10% kuliko ya Dar. Feni ikizunguka kasi ileile inabeba joto pungufu. Kwa bahati mchana wetu hauna joto la Dar, kwa hiyo mnarudishiwa chenji.

Mkerewe wa Sola

Niko kisiwa kidogo jirani na Ukerewe, umeme wangu ni wa jua. Naomba nitoe hesabu maana watu huniuliza kama inawezekana.

Betri moja ya risasi ya volti 12, amperi saa 100, kwenye karatasi ni wati saa 1,200. Ukitaka idumu usiinyonye zaidi ya nusu, kwa hiyo una 600. Mashine ya gemu ikiachiwa inavuta 180 hivi, inveta nayo inakula chake: saa tatu hufikishi. Nikafunga fremu 60 kwa sekunde kwenye gemu, nikazima ile kasi ya ziada kama mzee BabaSendoff alivyosema, nikashusha mwanga wa skrini. Inavuta kama 90. Sasa nacheza Euro Truck jioni nzima na asubuhi bado kuna umeme wa kuchaji simu za majirani.

Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi chaja yangu ilikuwa inalia humo, nikaogopa.

SatoMkavu

Mrejesho: kijiti cha pili nimeweka. Mjini naingia na gari, mizunguko yote, haikwami. Asante Ng'wana Igoma, nimeokoa milioni.

Kijana wa Malimbe

Nataka kununua mtumba wiki hii, cha kuangalia zaidi ya wati ni nini?

Ng'wana Igoma

Betri: fungua Command Prompt andika powercfg /batteryreport, itakutolea faili lenye uwezo iliyozaliwa nao na uliobaki. Bawaba: fungua na kufunga taratibu, sikiliza. Chaja: iwe ya wati zake halisi, ukipewa ndogo mashine itatembea kwa kuchechemea. Na uicheze gemu nzito dukani nusu saa ukiwa na HWiNFO, programu ya kuonyesha joto, pembeni, usinunue iliyowashwa sasa hivi ikiwa ya baridi.

NimeuzaYangu

Acha niwe mchawi wa uzi. Nilikuwa na ya RTX 3070, nzuri, sina ubaya nayo. Lakini ilikuwa inakaa mezani mwaka mzima, imechomekwa, ina monita ya nje, kibodi ya nje, mausi ya nje. Nalipia betri na bawaba za nini? Nikauza, nikajenga ya mezani. Kadi ya mezani nitaichomoa na kuweka nyingine, ya laptopu imelehemiwa kwenye ubao, ikizeeka mmezeeka wote. Umeme ukikatika nina UPS ya kunipa muda wa kuhifadhi na kuzima. Kama huhamihami, fikiria mara mbili.

BabaSendoff

Mchawi una hoja, ila mwambie bibi harusi asubiri nikabebe dekistopu Buhongwa.

NimeuzaYangu

Hahaha, shikamoo mzee. Wewe baki na laptopu.

BabaSendoff

Marahaba.

SatoMkavu

Mchawi, stendi ya feni uliiuza pamoja na mashine? Kama ipo nitajie bei PM, vifuniko vya soda mtoto kashavichukua.