Padi ya gemu inakata nikikaa kwenye kochi, naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Nipo Nyegezi, Mwanza. Nina kompyuta ya mezani yenye Windows 10 na padi isiyo na waya, nimeinunua ikiwa imeshatumika. Nikiwa karibu na meza inashika vizuri kwa Bluetooth. Nikirudi kwenye kochi, hatua tano tu, taa inaanza kupepesa na mchezaji wangu anakimbia mwenyewe mpaka nje ya uwanja. Juzi mdogo wangu kanifunga tatu kwa staili hiyo, wala hana huruma.

Betri nimebadilisha, padi nimeifuta kwenye Bluetooth ya kompyuta na kuiunga upya, bado. Nikichomeka waya inacheza bila shida, kwa hiyo padi sidhani kama ni mbovu.

Kidude cha Bluetooth kipo nyuma ya kasha la bati, kimebanana na diski ya nje ya USB 3.0, na ruta ipo juu yake. Nimesoma kwamba USB 3.0 huchafua masafa ya GHz 2.4, ambayo ndiyo ya Bluetooth. Je, nikikisogeza mbele kwa waya wa USB wa mita moja itatosha, au nianze kwa kuhamishia Wi-Fi kwenye GHz 5? Jumamosi kuna marudiano, nisaidieni.