Mbwa wangu kazaa siku 9 zilizopita, hali chakula na titi moja limekuwa gumu, nifanyeje?

zuu_k:
Habari wakuu, naombeni msaada, huu ndo uzao wake wa kwanza na mimi pia ndo mara ya kwanza kulea mbwa aliyezaa. Ana watoto 7, wote wazima, leo siku ya 9. Muda wote huu macho yangu yalikuwa kwa watoto tu, kila asubuhi nawaweka kwenye mizani ya jikoni mmoja mmoja na wanaongezeka vizuri, mama mtu nikajua yuko sawa maana alikuwa anakula. Sasa jana jioni kaacha nusu ya chakula, leo asubuhi kanusa tu kaondoka. Usiku kucha alikuwa anahema na kubadilisha pa kulala. Nilipompapasa tumbo nikakuta titi moja la nyuma gumu kuliko mengine, nilipoligusa akanyanyuka akahama, na wale watoto waliozoea kunyonya huko nyuma wanalia lia. Halafu bado anatoka damu damu ya kahawia, siku ya kwanza ilikuwa kijani kabisa nikashtuka, nikaambiwa kawaida. Je shida ni hiyo damu au ni titi? Na kuhema kunatokana na nini? Nina ibuprofeni ndani, naweza kumpa nusu kidonge atulie maumivu?

mfugaji77:
Dada kwanza kabisa USIMPE hiyo dawa. Ibuprofeni kwa mbwa inachimba vidonda tumboni na inaharibu figo, na hata panadoli usimpe kwa kukisia. Iweke mbali kabisa.

Damu. Ile rangi ya kijani inatoka kwenye kondo la nyuma, ni kawaida siku ya kuzaa, baada ya hapo inageuka kahawia au nyekundu iliyopauka na inaendelea wiki kadhaa huku inapungua. Mimi rangi hainisumbui sana, nachoangalia ni harufu. Ikinuka kama kitu kilichooza, au ikawa kama usaha, au badala ya kupungua ikaongezeka, hapo mfuko wa uzazi una shida, mara nyingi kuna kondo limebaki ndani au bakteria wameingia. Kwahiyo inama unuse, najua haipendezi lakini nusa.

Halafu pima joto, usikisie kwa kushika pua. Themometa ya kawaida ya digito, paka mafuta ya mgando kwenye ncha, ingiza taratibu njia ya haja kubwa kama sentimita 2 hivi, mtu mwingine amshike kichwa huku anamwongelesha. Mbwa mzima anakaa kama 38 hadi 39.2. Siku moja mbili baada ya kuzaa linaweza kupanda kidogo na hiyo haina neno, ila siku ya 9 ukikuta 39.5 kwenda juu na chakula kakataa, usisubiri kesho.

Titi nalo, weka mgongo wa mkono ulinganishe na la upande wa pili, lina moto kuliko mwenzake? Kamua tone moja tu kwenye kitambaa cheupe utuambie limetoka rangi gani.

mama_tausi:
Fuata anachosema mfugaji77, mimi naongezea kuhusu kuhema maana hiyo ndo ilinipa somo. Wangu alikuwa mbwa mdogo wa umbo, watoto 6, wiki ya tatu kila kitu safi. Siku moja mchana akaanza kuhema na kuzunguka zunguka, anaingia kwa watoto anatoka, hatulii. Jioni akawa anatembea miguu imekakamaa kama amefungiwa vijiti, misuli inachezacheza. Mimi nikajua baridi nikamfunika blanketi!! Kumbe joto lilikuwa limeshapanda sana na mimi namzidishia. Usiku akaanguka degedege. Tulifika kwa daktari wa mifugo akamwekea kalsiamu kwenye mshipa polepole sana huku anasikiliza moyo, ndani ya muda mfupi kutetemeka kukaisha, nililia pale pale.

Kalsiamu ya damu ilikuwa imeshuka kwa sababu maziwa yanaivuta yote. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kipindi cha mimba nilikuwa nampa vidonge vya kalsiamu kila siku nikidhani namsaidia, daktari akaniambia vinafanya kinyume, mwili unazoea kuletewa halafu siku maziwa yanapotaka nyingi unashindwa kuichota haraka kwenye mifupa. Kwahiyo zuu mwangalie anavyotembea. Ukiona anakakamaa au anatetemeka, watoto watoe kwake hapo hapo na uondoke naye, hata kama ni saa nane usiku.

zuu_k:
Asanteni sana jamani, dawa nimeshaificha. Nimepima, 39.9. Nikarudia nikapata 39.8. Damu hainuki kitu. Anatembea kawaida, hatetemeki, ila amenyong'onyea. Titi ni la moto kweli na ngozi yake imekuwa nyekundu inaelekea zambarau, na maziwa yametoka ya njano yana vipande vipande kama yamekatika. La upande wa pili maziwa meupe safi.

mfugaji77:
Hiyo ni titi limeingia bakteria, mastitisi, nenda leo. Ukiona ngozi inageuka nyeusi au titi linakuwa la baridi, hapo nyama inakufa, kwahiyo msichelewe. Mweleze daktari mapema kwamba ananyonyesha kwasababu dawa ya bakteria inachaguliwa kwa kuangalia na watoto, wanaipata kwenye maziwa. Beba watoto pia kwenye boksi lenye kitambaa na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, wiki hizi za mwanzo hawawezi kujipasha joto wenyewe. Na akiwaona watoto wake mama atatulia.

kokoto:
Ukirudi angalia kucha za watoto, ni kama sindano, wanakanda matiti wakinyonya na kwenye mikwaruzo ndo bakteria wanapita. Kata ncha tu kila wiki. Halafu chakula, mama wa watoto 7 kufika wiki ya 3 au 4 anaweza kuhitaji mara mbili au tatu ya anachokula siku za kawaida, mgawie mara 4 kwa siku na ukiweza mpe kile cha watoto wa mbwa kina nguvu zaidi. Maji yasogeze karibu na anapolala maana wengine hawanyanyuki kuacha watoto hata wakiwa na kiu.

zuu_k:
Tumerudi jana jioni. Ni mastitisi kweli. Kachomwa sindano, kapewa na vidonge vya kumalizia nyumbani, nimeambiwa nimkande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kulikamua lile titi mara kadhaa kwa siku, watoto waendelee kunyonya mengine. Kucha zote nimekata, 7 mara miguu minne, mgongo unaniuma. Yule mdogo kuliko wote hakuongezeka uzito jana kwahiyo namwongezea maziwa maalum ya watoto wa mbwa kwa chupa, analala kifudifudi siyo chali maana daktari kasema chali yataingia mapafuni.

Leo asubuhi joto 38.9 na kala bakuli zima! Nimebandika karatasi ukutani, joto la mama asubuhi na jioni, kala kiasi gani, matiti yote nimeyapapasa, damu ina harufu au haina. Uzito wa watoto nimeuhamishia safu ya pembeni.

mama_tausi:
Afadhali, nilikuwa nasubiri habari. Kwenye hiyo karatasi ongeza na miguu, anatembeaje. Uiandike kila siku mpaka wapite wiki ya nne.