KEF LS50 Meta au Klipsch RP-600M, ipi haichoshi masikio?

sikio_kali:
Wakuu habari, naomba mawazo yenu. Chumba changu kidogo, amplifaya ni wati 40 kila upande, nimebaki na spika mbili kichwani, KEF LS50 Meta na Klipsch RP-600M. Nimezisikiliza zote ila sehemu tofauti na amplifaya tofauti so sijui nilichosikia ni spika au chumba. Klipsch ilinishika hapo hapo, ngoma ziko mbele yako kabisa, ila tarumbeta ikipanda natamani kupunguza. KEF imetulia, mwimbaji anasimama katikati, lakini mbona kama imepoa? Nasikiliza jazi ya zamani, mara nyingi usiku kwa sauti ya wastani.

mzee_wa_twita:
Mkuu zimetengenezwa kwa mawazo tofauti kabisa. Twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) ya Klipsch imekaa ndani ya honi, yaani mdomo uliotanuka kama wa tarumbeta, honi inaisukuma sauti mbele isitawanyike ovyo ukutani, na hawa jamaa wako na honi tangu Paul Klipsch aanzishe kampuni 1946. KEF wao twita wameiweka katikati ya koni, ile spika kubwa ya besi na sauti za kati (Uni-Q hiyo), sauti yote inatoka sehemu moja ndo maana mwimbaji hahami hata ukisogea kwenye kiti. Halafu Meta ya 2020 nyuma ya twita ina kisahani chenye vinjia vingi kinachomeza mlio wa nyuma. Kwa jazi usiku chukua KEF.

desibeli:
Kabla hajachukua chochote asawazishe sauti kwanza jamani, zote zipige kwa ukubwa ule ule!! Kwenye makaratasi, ukizipa umeme ule ule, Klipsch inatoa sauti ya desibeli 96, KEF 85. Kila desibeli 3 zinataka wati mara mbili, so kwa pengo la 11 KEF inakula nguvu zaidi ya mara 10 kufikia sauti ile ile. Ukibadilisha spika bila kugusa volyumu lazima Klipsch ionekane ina uhai, na sauti ikiwa chini sikio letu linapoteza besi kwanza, hapo ndo KEF inaonekana imepoa. Wati 40 ndo kiwango cha chini wanachopendekeza KEF wenyewe, chumba kidogo zitatosha ila usitegemee kupiga disko.

honi_milele:
Mimi nabisha kidogo. Klipsch inatoboa masikio ukiielekeza usoni, igeuze itazame mbele moja kwa moja, weka zulia, makali yanapungua sana. Na kwa sauti ndogo usiku bado iko hai. Zote mbili tundu la besi liko nyuma so usizibananishe na ukuta, besi itavimba na utalaumu spika bure.

sikio_kali:
Shukrani wakuu, nimeomba zote mbili niziunge kwenye amplifaya yangu mwenyewe, nisawazishe sauti kwa app ya simu. Stendi iwe juu kiasi gani?

mzee_wa_twita:
Twita iwe usawa wa sikio ukiwa umekaa. Kwa Klipsch hapo usikadirie, pima kabisa, maana honi haitawanyi sauti ovyo.